Safari Isiyosemwa

Begi lilikuwa uvunguni mwa kitanda, na juu ya kitanda Mama Paska alikuwa ametandika shuka refu la kufika sakafuni, ili mgeni atakayechungulia asione hata gurudumu lake. Nguo za safari zilifuliwa ndani na kuanikwa ndani, kwenye kamba iliyopita juu ya cherehani, na jua lote lile la Mwanza likiwaka nje bila kazi. Zilikauka zikinuka uvundo. Ukiuliza kwa nini mtu awafiche soksi zake majirani waliomwona akizaliwa, basi wewe si mtu wa nyumba ile.

Nyumba ile ilikuwa na sheria moja: safari haisemwi mpaka msafiri afike. Sheria ilianzia kwa Chenge, kaka yake Mama Paska. Chenge alipata kazi Omani, akachinja mbuzi, akaalika kijiji kizima huko Sengerema waje wamuage. Siku ya kuondoka, akiwa kwenye kivuko cha Busisi, begi lake la mkononi likatumbukia ziwani na pasipoti humo humo. Kazi ikaenda kwa mwingine. Ukoo ukakaa, ukajadili, ukaamua kwamba ni jicho la mtu aliyekula ule mbuzi. Waliokuwamo kivukoni wanasema Chenge aliliweka begi ukingoni mwenyewe ili apate mikono miwili ya kupiga picha, lakini nani atamwambia Mama Paska hivyo? Siku hizi daraja limekamilika, magari yanapita juu ya maji bila kusubiri zamu, na bado yeye akivuka pale hafungui mdomo mpaka afike ng'ambo.

Sasa msafiri alikuwa Paskazia, bintiye wa pekee. Alikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha India, akisoma kompyuta, na mama yake ndiye aliyemfikisha huko kwa kushona sare za shule pale Buzuruga, jirani na stendi. Chuo kilitaka kila mwanafunzi afanye miezi sita ya mafunzo kazini, fildi kama wanavyoita wanafunzi wetu, na kila mmoja ajitafutie. Bila fildi hakuna cheti. Na kwa mgeni lilikuwepo jambo la pili: muhula ukifunguliwa hujapata, viza ya mwanafunzi haiongezwi, unafungasha unarudi kwenu.

Wenzake wa kule walikuwa na wajomba. Mjomba anapiga simu, mpwa anapata kiti. Mgeni hana mjomba. Paskazia aliandika kwa kampuni za Pune na Mumbai na kwingineko, akajibiwa kwa adabu kwamba raia wa nje hawachukuliwi, au hakujibiwa kabisa. Alirudi likizo na tabasamu la kuwagawia watu, huku moyoni hana raha hata chembe. Kila akisikia cherehani ya mama yake ikilia aliona ndiyo miaka yake mitatu inayoshonwa, na aliogopa kumwambia kwamba huenda imeshonwa bure.

Ndipo akatokea Jonathan.

Walikutana kwenye kundi la wasapu la wanafunzi wa Kitanzania walioko nje. Alimwandikia pembeni: "Dada, naona bado unahangaika na fildi. Kwetu zipo nafasi." Kwetu ilikuwa kampuni ya teknolojia huko Asia ya mbali. Utashuka Bangkok, dereva atakupokea, utapelekwa kwa gari hadi kazini. Tiketi yao, malazi yao, chakula chao. Paskazia alipomsimulia mama yake, Mama Paska aliuliza swali moja tu: ameomba hela? Hakuomba hata senti. Basi, mama akasema, huyo si tapeli, maana tapeli huomba, huyu anatoa. Na mwizi atakuibia nini wewe usiye na kitu? Alikuwa mwanamke mwenye akili sana, tusimwonee. Tatizo akili yake ilikuwa imezoea wezi wa hapa kwetu.

Kisha Jonathan akaongeza neno: usimwambie mtu yeyote mpaka ufike, nafasi ni chache na binadamu wana vijicho. Mama Paska aliposomewa hilo aliacha kushona kabisa.

"Huyo kijana amelelewa," alisema. Tangu siku hiyo hakuwa na shaka naye tena.

Mwenye shaka alikuwa Paskazia. Usaili ulifanyika kwa simu ya video, lakini uso wa upande wa pili haukuonekana, kiduara cheusi tu. Hawakumwuliza lolote juu ya kompyuta. Waliuliza kama anaandika haraka. Kama ana marafiki wengi simuni. Kama anaweza kuongea na mtu asiyemjua mpaka mtu huyo amzoee. Mwishoni Jonathan akauliza kwa sauti ya chini: nyumbani kwenu kuna askari? Kuna ndugu serikalini? Paskazia akajibu hakuna, baba ni marehemu na mama ni fundi cherehani. "Sawa," Jonathan akasema, akakata simu. Haikuwa sawa ya mtu aliyefurahi.

Halafu kulikuwa na zile jumbe zilizofutwa. Paskazia akiamka alikuta alama kwamba Jonathan aliandika kitu alfajiri, kisha maneno yale ya simu: ujumbe huu umefutwa. Leo mmoja, kesho tatu. Akimwuliza, Jonathan anasema alikosea namba. Siku moja aliuliza bila kuulizwa kama mvua imeanza Mwanza, na kama maduka ya vitambaa mjini bado yanafunguliwa mapema. Paskazia akamjibu yanafunguliwa, tena mama yake humtuma kwa Harish mara kwa mara. Jonathan akaandika: "Wasalimie." Kabla hajajibu, hata hiyo salamu ikafutwa. Aliwaza kwamba kumbe jamaa amewahi kuishi Mwanza, na watu wote wa Mwanza wanalijua duka la Harish. Hilo lilimtuliza kwa muda, kisha likaanza kumsumbua.

Aliogopa. Mlango ukigongwa alishtuka. Akajaribu kusema.

"Mama, mimi naogopa hii safari."

Mama yake alimtazama kwa huruma ya kweli, akaenda kuchukua chumvi ya baraka aliyopewa kanisani, akaimwaga kidogo pembe nne za begi. "Ukiona hofu imeingia ujue kuna mtu ameshahisi," alisema. "Ndiyo maana nakwambia tunyamaze. Ulimwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Basi endelea hivyo hivyo."

Mnaona mtego ulivyofungwa. Kila alipozidi kuogopa ndivyo alivyozidi kukatazwa kusema, na kadiri alivyonyamaza ndivyo hofu ilivyozidi kumkaba. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini methali huwa tunawasomea wenzetu.

Zilibaki siku chache. Mama Paska alikuwa anamshonea koti, maana alisikia huko hewa ya viyoyozi inaua watu, akaishiwa bitana. Kununua Buzuruga hakutaka. Wauza vitambaa wa pale wangeuliza koti ni la nani na la kwenda wapi. Akamtuma Paskazia mjini kwa Harish, na onyo juu: aseme ni la mteja.

Duka la Harish limekaa mtaa ule tangu babu yake Harish alipolifungua. Juu ya mlango huning'inia limau moja na pilipili mbichi, zilizotungwa kwa uzi, na hubadilishwa kila Jumamosi ili macho mabaya yaishie barazani. Mama Paska huyaita hayo mambo ya Kihindi. Yeye na chumvi yake, bila shaka, ni mtu wa kisasa.

Anayepima vitambaa ni mke wa Harish, Falguni. Wanawake wa Mwanza humpenda kwa jambo moja. Akishapima mita ulizotaka kwa ule ubao wake, hakati hapo, huongeza upana wa kiganja na kusema, "Na hii ya mtoto." Hata ukiwa huna mtoto, hata ukiwa padri unanunua kitambaa cha kanzu, utaongezewa ya mtoto. Alianza desturi hiyo alipokuwa na mimba ya mwanawe wa pekee, Umang, na kijana alikua amesimama pembeni ya ubao ule akimsaidia kuhesabu. Ukimwuliza leo habari za Umang, atakwambia: yuko Kanada, anaendelea vizuri. Mwaka mzima jibu lilikuwa hilo hilo, halikuongezewa hata kiganja. Na mama mwenyewe alikuwa amekonda mpaka bangili zinamvuka kiwiko.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako Selina mzima? Leo amekutuma nini?"

"Bitana nyeusi, mita tatu. Ni ya mteja."

Falguni akashusha jora, akaanza kulitandua. Harish alikuwa anakunja khanga. Paskazia akamtazama yule mzee aliyezunguka dunia akinunua bidhaa, na hofu ikamshinda. Akasema kwa ile njia ya watu wote wanaoona aibu.

"Mzee, nina rafiki yangu. Amepata fildi nje. Anataka kujua kama tiketi wakikukatia wao ni jambo la kawaida."

"Inawezekana. Ni ya kwenda na kurudi?"

"Ya kwenda tu."

Harish akaendelea kukunja, ila polepole. "Akifika anapokewa na nani?"

"Dereva. Atampa dereva pasipoti, halafu wanasafiri kwa gari."

Mikono ya Harish ikasimama. Akamtazama usoni, na Paskazia akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona kwa mzee yule. Aliona kwamba naye anaogopa.

"Huyo rafiki yako," Harish akasema, "ameambiwa asimwambie mtu?"

"Mzee umejuaje?"

Alimgeukia mkewe, wakasemezana maneno mawili matatu ya Kigujarati, sauti chini, na Falguni akatikisa kichwa kwamba hapana. Kisha Harish akamrudia Paskazia.

"Mwambie asiende."

"Kwa nini?"

"Mwambie tu asiende."

"Mzee, huyo mtu hana cheti bila fildi. Viza yake inakwisha. Mama yake ameshona mpaka macho yanamuuma. Nimwambie asiende kwa sababu gani?"

"Sababu siwezi."

Hapo Paskazia akapandwa na hasira, ile hasira ambayo ni hofu imevaa viatu. Miezi yote kila mtu anamwambia nyamaza, na sasa amesema, na aliyeambiwa naye ananyamaza. Akatoa simu. "Basi msikilize mwenyewe uniambie kama hii ni sauti ya mtu mbaya," akasema, akaufungua ujumbe wa mwisho wa Jonathan kwa sauti kubwa.

Ilikuwa sauti iliyonyooka, ya Kiswahili cha redioni. "Dada Paskazia, habari za huko. Usibebe vitu vingi, huku kila kitu kipo. Ukifika mpe dereva pasipoti, usiogope. Karibu sana."

Falguni alikuwa amepima mita ya pili. Ubao ukabaki hewani.

"Rudisha," alisema.

Paskazia akarudisha. Falguni akazunguka meza, akaichukua ile simu mkononi mwake bila kuomba, akaiweka sikioni, akasikiliza mara ya tatu, na ya nne. Alipofika kwenye usiogope alifumba macho.

"Huyu ni Umang," alisema.

"Umang yuko Kanada," Paskazia akasema, maana ndivyo alivyojua.

"Hayuko Kanada. Hajawahi kufika Kanada."

Harish akaenda kufunga mlango wa duka, mchana mweupe, akamsogezea Paskazia kigoda. Hapo ndipo yakatoka yote. Umang alikuwa anasoma Malaysia. Chuo kikataka fildi, akahangaika kama mgeni yeyote, akaandikiwa na mtu mwema asiyeomba hela. Nao wazazi wakanyamaza, kwa sababu kwao pia safari haitangazwi. Jicho la watu halichagui dini. Kijana akaondoka. Kisha simu moja, kwa sauti ya kunong'ona na kulia. Hakuna kampuni. Kuna majengo yenye ukuta na watu wenye silaha, pasipoti zimechukuliwa, na kutwa wanakaa mbele ya simu wakiwarubuni watu duniani kote, wengine watoe fedha, wengine waje wenyewe. Asiyefikisha idadi anapigwa. "Mkimwambia mtu yeyote hamtanisikia tena," alisema, na hawakujua kama ni yeye aliyesema au aliyemshikia simu. Hawakumsikia tena.

"Tuliona kunyamaza ndiko kunakomweka hai," Harish akasema. "Watu wakiuliza, tukasema Kanada."

Paskazia alikuwa amekikalia kigoda. Aliona begi uvunguni, na koti, na chumvi kwenye pembe nne. Aliona vile ambavyo angeshuka, angempa dereva pasipoti, na mama yake angekuwa Buzuruga akiwaambia majirani kwamba Paskazia anaumwa malaria, yuko kwa shangazi. Nani angemtafuta? Wangeanza kumtafuta kwa shangazi.

Simu ikalia palepale mkononi mwa Falguni. Yalikuwa maandishi ya Jonathan: "Dada, upo? Bosi anataka uthibitisho sasa hivi. Tuma sauti useme unakuja."

Wakaangaliana. Harish akasema asijibu, aifungie ile namba na aizime simu. Falguni akasema, "Asipojibu, nani atapigwa?"

Harish akarudisha mkono uliokuwa ukiifuata simu.

"Mwambie unakuja," Falguni akasema. "Kusema si kwenda. Lakini usimwambie hapo kwenye kigoda. Njoo huku."

Akamwongoza Paskazia hadi kwenye meza ya kukatia. Akaivuta ile bitana nyeusi, akashika ubao, akaiweka simu karibu na mkono wake. Paskazia alibonyeza kitufe, na nawaambieni alikuwa anaogopa kuyatamka maneno yale kana kwamba yangembeba na kumpeleka.

"Kaka Jonathan, niko dukani nanunua kitambaa. Nimethibitisha, nakuja."

Hakuachia kitufe. Nyuma yake, kwa sauti yake ya kila siku, ile ya kumpimia mteja yeyote, Falguni akahesabu.

"Moja. Mbili. Tatu." Sauti ilitaka kuvunjika akaizuia. "Na hii ya mtoto."

Paskazia akaachia. Ujumbe ukaenda. Walisimama watatu wameinamia kioo kile kidogo. Tiki mbili zikaja, zikawa za bluu. Jonathan alikuwa anasikiliza. Kisha hakukuwa na kitu. Nje mtu aligonga mlango wa duka, akagonga tena, akaondoka zake.

Kisha ikaja sauti, fupi, ile ya redioni. "Asante dada. Nimepata uthibitisho. Nimesikia vizuri kabisa." Falguni akashika ukingo wa meza. Na chini yake, haraka haraka, yakatokea maandishi.

"Usije. Hapa ni jela. Msinyamaze."

Harish, Mungu ambariki, alikuwa na simu yake tayari mkononi, akaipiga picha ile skrini. Maana hawakuhesabu hata pumzi tano, maandishi yakafutika. Baadaye kidogo ikafutika na ile picha ya akaunti ya Jonathan. Paskazia akaandika "Kaka?" na tiki ikabaki moja. Mpaka leo ni moja.

Mama Paska alifika jioni ile, amekuja mbio kwa sababu binti amechelewa na hapokei simu. Alimkuta amekaa kati ya Harish na Falguni, macho mekundu, na akaelewa upesi kwamba siri imetoka. Hakusalimu hata.

"Umesema," alimwambia mwanawe. "Siku chache zimebaki, umekuja kusema dukani."

"Amesema," Falguni akajibu kwa niaba yake. "Ungemzika bila mwili, Selina. Kaa chini."

Akamwambia. Hakuficha neno. Mama Paska alisikiliza akiwa amesimama, akaonyeshwa picha, akaisoma, akairudia. Kisha mwanamke yule asiyefungua mdomo darajani akakaa juu ya majora ya watu, akamvuta bintiye mapajani, mtu mzima wa mwaka wa tatu, akamshika kichwa kwa mikono miwili. Hakutaka kumwachia. Paskazia hakuwahi kumwona mama yake akiogopa namna hiyo, wala hakuwahi kujisikia salama namna hiyo.

Harish bado alisita. Wakijua kwamba tumesema, alirudia, watamfanya nini? Ni swali la haki. Hofu hiyo iko dukani mpaka sasa. Lakini Falguni alisema mwanawe amemwomba kitu kimoja tu kwa mwaka mzima, naye atampa. Asubuhi wakaenda polisi, wote wanne, na ile picha. Jalada likafunguliwa, wakaambiwa habari itapelekwa wizarani, wasubiri. Wanasubiri.

Polisi ni polisi. Kazi ya kusema aliichukua Mama Paska. Aliisimulia stendi ya Buzuruga, akaisimulia kanisani baada ya misa ya pili, akaisimulia kwa kila mzazi aliyeleta mtoto kupimwa sare. Alitaja jina la binti yake, akataja begi na shuka refu, akataja hata chumvi. Watu walicheka kwenye chumvi, kisha wakaacha kucheka. Siku ya tiketi ilipofika walikuwa uani na majirani wakichambua dagaa. Ndege ya jioni ikapita juu kuelekea Dar, na Paskazia akaweka ungo chini, akaitazama mpaka ikapotea.

Fildi bado hajapata. Viza inaelekea ukingoni, na hofu hiyo anayo, lakini hii anaweza kuisema, na anaisema kwa yeyote mwenye masikio. Mama yake humtangaza kwa wateja bila aibu: binti yangu anatafuta fildi, kompyuta, mwenye ndugu anisaidie. Mchana Paskazia humsaidia Falguni dukani, maana Falguni hapendi tena kukaa peke yake na ile simu. Limau la mlangoni limekauka. Jumamosi mbili zimepita na hakuna aliyekumbuka kulibadilisha.

Jumamosi ya tatu akaingia mwanamke wa makamo, kitenge begani, akasimama mbele ya meza bila kutazama kitambaa chochote. Falguni akachukua ubao kwa mazoea.

"Karibu mama. Nikupimie nini?"

"Natoka Buhongwa. Mimi ni Mama Josephat." Alitazama nyuma, kisha akatazama mikono yake. "Sikuja kununua. Nimesikia kwamba hapa mnasema."

Falguni akashusha ubao kidogo.

"Wa kwangu," yule mama akasema, "sisi tulisema yuko Uturuki."

Falguni akaweka ubao chini, akazunguka meza, akamshika mkono. Paskazia akaenda kuleta kigoda. Alipoinuka nacho akaona kwamba barazani, chini ya lile limau kavu, alikuwa amesimama baba mmoja, kofia mkononi, akisubiri huyu mama amalize.